Miguu ya Urbano Katika Paa la Mama

Mume wangu Urbano hakukanyaga mahali bila kupajaribu kwanza kwa kisigino. Barabarani, uani, hata kanisani akienda kukomunika, alitanguliza kisigino, akabonyeza, akasikiliza, ndipo mguu mzima ukafuata. Watu wa Itigi walidhani ana ugonjwa wa nyonga. Wengine walisema ni maringo ya watu wa reli. Mimi nilijua sababu, mama yangu aliijua, na jiwe la kusagia la mama liliijua kuliko sisi wote, maana maneno yote yalipitia kwake.

Wajukuu wangu husema bibi anatia chumvi. Nawaambia enzi zile chumvi tuliikwangua mbugani, siku nzima jua la utosi, ukirudi na kibaba kimoja umeshukuru. Nani angeimwaga ovyo kwenye hadithi?

Urbano alizaliwa ng'ambo ya korongo la kijiji chetu, huku upande wa Ikungi. Alichunga ng'ombe wa baba yake mpaka ndevu zikamwota, kisha akaenda Itigi, akaandikwa kazi katika genge la reli. Huko walimfundisha jambo moja tu, kunyoosha. Mataruma, yale magogo yanayobeba reli, yalale sawa, chuma kilale sawa juu yake, na nyapara ainamishe kichwa hadi chini, afumbe jicho moja, aseme vizuri. Basi Urbano akawa mtu wa kunyoosha kila kitu. Alitembea na kamba yenye mafundo mfukoni, akipima. Siku ya kwanza aliponikuta kisimani alinitazama kuanzia utosini hadi miguuni, nikajua kijana amekwisha. Miaka mingi baadaye akakiri kwamba alikuwa anaona mtungi wangu umekaa upande.

Hata hivyo ng'ombe walikuja, wazee wakawakubali, na padri akatangaza majina yetu mara tatu. Ulikuwa mwaka wa pili tangu Malkia wa Waingereza avikwe taji, na watoto wa shule walikuwa bado wananywea uji katika vikombe vyenye sura yake. Kwa kuwa Kwaresima haifungwi ndoa, padri alitupa Jumatatu ya Pasaka, asubuhi. Saa nane mchana siku hiyohiyo lori la kwenda Itigi lingepita, na Jumanne kengele ya genge ikigongwa Urbano awe amesimama na sululu yake. Likizo nyingine ilikuwa Krismasi.

Mama hakuwa na neno na ndoa. Neno lake lilikuwa na lori.

Baba alikuwa amefariki, na katika watoto wake nilibaki mimi peke yangu. Tembe yetu ilikuwa ya zamani, paa bapa la udongo kama matembe yote ya kwetu, na kila masika mimi ndiye niliyepanda na karai la udongo kuziba nyufa, mimi ndiye niliyekandika kuta. Ilivuja kuliko nyumba yoyote niliyopata kuiona. Mvua ikikoma nje, ndani iliendelea siku mbili. Kuna mwaka panya waliokaa chumbani kwa mama walijifunza kuogelea, na paka akawasubiri ukingoni. Mama alisema wazi kwamba nikiondoka nyumba itamwangukia, na hatampa binti yake wa mwisho mwanamume anayejua kutengeneza njia ya kuondokea lakini hajui kutengeneza mahali pa kukaa. Akatoa masharti: kufikia Jumapili jioni mlango ufunge, ukuta wa nyuma uache kutoa tumbo, paa lisivuje. Kimoja kikikosekana, Urbano apande lori lake peke yake.

Masharti hayo aliyaambia jiwe la kusagia.

Inabidi nieleze. Kwetu wakati ule mkwe wa kiume hakumtazama mama mkwe usoni. Hakula mbele yake, hakumgusa, na kuingia chumba anacholala ilikuwa sawa na kuingia kaburini mwa mtu. Kuongea naye moja kwa moja pia ilikuwa aibu. Kwa hiyo mama alikaa upande wake wa ukuta, akaliambia jiwe, na Urbano alikaa upande wa pili, akaijibu nguzo ya mlango. Jiwe na nguzo vilielewana vizuri sana. Sijaona watu wawili walioelewana namna ile.

Urbano aliwasili Alhamisi ya wiki kuu na nyundo, msumeno, debe tupu la mafuta ya taa na misumari ndani ya soksi. Asubuhi ya Ijumaa Kuu padri alituonya kanisani kwamba siku ile hakuna kupiga nyundo, kwa sababu ya misumari ya Bwana wetu. Urbano alitoka amenyong'onyea, siku moja kati ya nne imepotea. Nikamwambia padri amekataza nyundo, udongo hakuutaja. Basi mchana kutwa tulichimba udongo wa kichuguu, tukauchanganya na majivu na mavi ya ng'ombe, tukamwagia maji, tukaukanyaga kimyakimya kama waombolezaji. Mama hakuwa amebatizwa. Alipita akatuona tumeinamisha vichwa, matope hadi magotini, akaliuliza jiwe kama hiyo ndiyo sala ya Ijumaa Kuu, kwa maana angeweza kuipenda.

Jumamosi kabla jua halijapanda Urbano aling'oa mlango, akaukata chini, akaupiga mbao mbili za kukingama na kuufunga kwa kanda mpya za ngozi. Ukafunga bila kuusukuma kwa teke. Mama aliufungua na kuufunga mara kumi na nne. Nilikuwa nakandika nje, nikawa nahesabu. Kwenye ukuta wa nyuma tukagombana kidogo. Urbano alishusha kamba yake na kijiwe, akatazama kwa jicho moja, akasema ukuta huu lazima uvunjwe wote uanze upya, haujanyooka. Nikamwambia ukuta huu haujanyooka tangu babu yangu, na babu yangu mwenyewe hakuwa amenyooka. Akaukata tumbo lake kwa jembe, akaushindilia mawe chini, mimi nikakandika na kulainisha kwa kiganja. Kufikia adhuhuri ukawa laini kama shavu la mtoto.

Likabaki paa.

Sasa, mtu aliyezaliwa katika tembe anajua pa kukanyaga juu yake. Chini ya udongo kuna majani makavu, chini ya majani kuna fito, na fito zimelala juu ya miamba, yaani yale magogo makubwa yaliyobebwa na nguzo. Unatembea juu ya mwamba tu, hata kama huuoni. Urbano alijua hivyo utotoni, ila miaka minne ya kutembea juu ya mataruma, hatua moja, hatua moja, ilikuwa imempotosha miguu. Nikamwonyesha mwamba ulipo, nikashuka kuchukua karai. Alichokoa udongo mbovu, akatoa fito zilizoliwa na mchwa, akapachika mpya, akaanza kusawazisha. Jua lilikuwa limempiga mgongoni, jasho linametameta, kamba yake ya mafundo shingoni. Nilimwangalia nikaona ni dhambi mama asione mkwe anavyofanya kazi.

Ndiyo, ni mimi niliyemwita. Nilimwambia mama kuku wanakula uwele alioanika.

Mama akatoka uani mbio, akainua uso kutafuta kuku juu ya paa, maana huko ndiko tulikozoea kuanika. Urbano akageuka. Mkwe na mama mkwe wakataka kuonana macho kwa macho mchana kweupe. Kijana yule mwenye adabu akafanya alivyofundishwa na mama yake: akageuza uso, akajifunika kwa mkono, akarudi nyuma hatua mbili kwa heshima.

Hatua ya kwanza ilikuwa juu ya mwamba.

Nilisikia mlio kama wa ng'ombe anayekanyaga kibuyu. Vumbi likapanda hadi nadhani watu wa Itigi waliliona wakafikiri ni treni. Lilipotulia, Urbano alikuwa amezama hadi kiunoni. Kichwa na mikono vipo juu ya paa, na miguu, ambayo ilikuwa mirefu kuliko ya mtu yeyote wilayani, inaning'inia chini. Na chini pale ndipo palikuwa chumba cha kulala cha mama.

Mama, ambaye hakuwa ameona kitu zaidi ya vumbi, aliingia chumbani kutazama kilichoanguka.  Halafu nikasikia anaongea na jiwe la kusagia lililokuwa chumba cha pili, taratibu sana.

"Jiwe, kuna miguu ya mtu juu ya kitanda changu."

Urbano huko juu hakuwa na nguzo karibu. Akaniangalia mimi kwa macho ya mbuzi aliyefungwa, nikamwambia azungumze na paa. "Paa," akasema, "mwambie mama sikukusudia."

"Jiwe, muulize kama anatoka au anaingia."

"Paa, mwambie mama sijui."

Na kweli hakujua. Akijaribu kujiinua, udongo ulimeguka pembeni. Nikipanda mimi kumvuta, na mimi ningezama, tuwe wawili. Ilikuwa lazima asukumwe kutoka chini, na mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kutoka ukingoni mpini wa jembe alioushika asizame zaidi; chini alikuwepo mama peke yake, ambaye kumgusa mkwe hawezi, na kijiji kizima kilikuwa machungani na mashambani. Kaskazini, upande wa Iramba, wingu jeusi lilikuwa linapanda. Nilimwona Urbano akilitazama. Najua alichokuwa anawaza, kwa sababu na mimi nilikiwaza. Jumapili jioni ilikuwa kesho, na paa lililokuwa na nyufa sasa lilikuwa na mlango.

Mama akajifunika kaniki kichwani asione kitu. Akachukua mwiko wa ugali, ule mkubwa wa sherehe, akapapasa mpaka akapata unyayo mmoja, akaweka mwiko chini yake na kusukuma kwa nguvu zake zote. Urbano akacheka. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa na mtekenyo. Mama akauliza jiwe mtu huyu anachekea nini chumbani mwa watu, akasukuma tena, na Urbano akatoka kama mhogo unavyong'oka kwenye udongo mlaini, akalala kifudifudi juu ya mwamba, akaukumbatia.

Hatukuwa na muda wa aibu. Tulitandika ngozi ya ng'ombe juu ya tundu, tukaigandamiza kwa mawe, mvua ikafika. Ilinyesha kwa hasira mpaka jua likazama. Mama alikaa chumbani mwake na taa ya kibatari akiangalia juu. Halikudondoka tone hata moja, si kwenye tundu wala penginepo. Paka alikata tamaa akalala.

Lakini habari haina kifuniko cha ngozi. Jumapili tulipotoka misani, baba mdogo Alute, mdogo wake marehemu baba, alikuwa anatusubiri chini ya kengele ya kanisa. Alute alikuwa mwanamume wa haki, hasa haki inayopikwa. Akasema mkwe aliyeingia chumba cha mama mkwe, hata kama ameingia nusu, ameuvunja ukoo. Atatoa mbuzi leo, aliwe na wazee leo, bila hivyo hakuna harusi kesho. Urbano akamuuliza kwa upole mbuzi atampata wapi Jumapili ya Pasaka. Alute akasema hilo si swali la wazee.

Urbano akashika njia ya nyumbani. Nilimwona amefungua mafundo ya kamba yake, anayafunga upya, anayafungua. Akaniambia ataliziba tundu vizuri, atamwachia mama nyumba isiyovuja, na Krismasi atarudi kuuliza kama bado nipo. Nikamwambia sitakuwepo, nitakuwa nimeolewa na Alute. Hata hivyo sikuwa nacheka moyoni. Toka Jumatatu hadi Krismasi ni mbali, na mama alikuwa na njia nyingi za kuuongeza umbali.

Tulipofika nyumbani, Alute nyuma yetu na wazee wengine wawili waliosikia neno mbuzi, tulikuta mama hayuko uani. Yuko chumbani. Alikuwa ameitoa ngozi kwa kuisukuma na mchi, na jua la adhuhuri lilikuwa limeingia kwa tundu lile na kukaa sakafuni kama mgeni. Matembe ya kwetu yalikuwa na giza ndani, mtu anaingia kwa kumbukumbu. Mama alikuwa amelala katika chumba hicho tangu alipoolewa, na siku hiyo ndiyo aliyokiona.

Mbele yake alikuwa amepanga vitu. Sindano mbili. Shanga nyekundu alizodhani nimeziiba nikiwa mdogo, na nilichapwa kwa ajili hiyo. Kuku mweusi, ambaye tulimlilia tukidhani ameliwa na kicheche, alikuwa nyuma ya kitanda ameatamia mayai tisa, akatukasirikia kwa kumwashia taa. Kilindo cha uwele wa akiba, lile pipa la gome la mti, kilikuwa kimeanza kuliwa na mchwa kutoka chini; bado wiki moja tungekuta gamba tupu. Na kwenye ufa wa ukuta, pembe ndogo ya ugoro ya marehemu baba. Mama aliishika kiganjani bila kuitazama sana, kama mtu anayeshika kitu cha moto.

Alute akaanza, akieleza habari ya ukoo na mbuzi. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akaligeukia jiwe.

"Jiwe, muulize shemeji, chumba hiki ni cha nani?"

Alute akasema, kwa kweli, ni cha mama.

"Basi aliyekosewa ni mimi. Mbuzi analiwa siku moja, mifupa wanapata mbwa. Mimi faini yangu ni siku nne. Kila Pasaka, akiwa hai na mimi ni hai, aje na mke wake, afanye kazi katika nyumba hii siku nne. Na tundu asilizibe."

Nje ya ukuta tukasikia sauti ya Urbano. "Nguzo, mwambie mama mvua itaingia."

"Jiwe, mwambie yeye si ndiye fundi?"

Alute alitaka kusema faini ya namna hiyo haijawahi kusikika. Mmoja wa wazee akamwambia haijawahi kusikika kwa sababu hakuna mkwe mwingine aliyewahi kupita huko, na kwamba kama hakuna mbuzi, kuna mayai. Kuku akawaonyesha kwamba hakuna mayai.

Sasa, kazi ya Jumapili ya Pasaka ni dhambi, na mimi niliiungama, kwa hiyo imekwisha. Tulikuwa na chungu kikubwa kilichopasuka tumbo. Urbano alikata shingo yake kwa tindo, polepole, ikatoka duara zima. Akaipachika katika tundu, fito nne zikiikamata, akazungushia udongo wa kichuguu ulioinuka kama mdomo ili maji yapite pembeni. Akalipasua debe, akalinyoosha, na hapo alifurahi, kitu cha kunyoosha hatimaye, akatengeneza kifuniko chenye kanda ya ngozi upande mmoja. Mama akiwa chini angekisukuma kwa mwiko kikafunguka, akiuondoa kikajifunga. Jua lilipogusa ncha za miti Urbano aliushuka ukuta akiwa ametanguliza kisigino. Tabia hiyo ilianza jioni ile na haikumwacha tena.

Mama alifungua na kufunga kifuniko. Safari hii sikuhesabu. Aliliambia jiwe kwamba mlango unafunga, ukuta hauna tumbo, na paa, kama ilivyoonekana jana, halivuji. Kisha akaniita ndani anisuke.

Tulifunga ndoa asubuhi. Saa nane lori likasimama barabarani, limejaa magunia, nikapandishwa juu na sanduku langu na kuku mmoja. Mama alitusindikiza. Alisimama akimpa Urbano mgongo, kama ilivyotakiwa, na jiwe la kusagia lilikuwa nyumbani. Akatafuta huku na huku wa kumwambia. Akainama karibu na tairi la nyuma.

"Wewe gurudumu, mwambie huyo, mwaka kesho ataanza na zizi la ndama. Na chumba cha kusagia kina giza."

Urbano akainama upande wake wa lori. "Gurudumu, mwambie mama nimesikia. Nitakuja na debe jingine."

Dereva akashuka akauliza kama tairi limetoboka.

Pasaka iliyofuata tulirudi na debe, na iliyofuata, na iliyofuata. Zizi, kichanja cha vyombo, chokaa ya ukuta wa mbele, kibaraza cha kukalia jioni. Kila tulipokuwa tunaondoka mama alikuwa amekwisha kupata jambo jingine lililoharibika. Kuna mwaka nilimfumania asubuhi ya Alhamisi ya wiki kuu, tumewahi kufika, akilegeza msumari wa mlango kwa ncha ya kisu.  Alinigeuzia mgongo, akaliambia jiwe kwamba mlango huu, tangu utengenezwe, haukuwa imara.